Kiwanja Nilichokiruka

Jumatatu, 10 Oktoba 1983

Vichupa tisa vya kupimia petroli. Ndivyo vyote nilivyopewa Mbeya, vingine eti mpaka viagizwe Ulaya. Na kisima chetu hapa Mpemba kinanuka petroli! Chai ya leo ilikuwa na ladha ya kibatari. Mwanangu Luka katapika mara mbili. Mwenyekiti Efraimu kasema Ijumaa saa nne trekta linaleta kifusi, kisima kinafukiwa. Oktoba hii! Mvua hakuna, na kisima kingine ni mwendo wa saa mbili. Nikionyesha petroli inakotoka ikachimbuliwa, atakiacha. Nisipoonyesha, tumekwisha.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimeanza kwa Othmani, pale barabarani. Kila mtu anamnyooshea kidole yeye, kwa vile ndiye mwenye pampu na tangi chini ya ardhi. Nikapigilia chuma mita moja na nusu, nikateremsha mrija, nikavuta hewa ya udongo ipite kwenye kichupa. Petroli ikiwepo, unga wa ndani unageuka kahawia. Haukugeuka. Nikapima upande wa pili wa tangi. Mweupe pee! Othmani alitaka kunikumbatia. Mimi nilitaka kulia — vichupa viwili vimekwenda na sina mwingine wa kumshuku.

Jumatano, 12 Oktoba

Vinne leo, kuzunguka kisima. Kusini hamna kitu. Kaskazini kahawia kidogo. Nyuma ya kanisa kahawia zaidi. Viganja vina malengelenge. Efraimu kapita, kauliza kama natafuta petroli au napanda mihogo. Mshenzi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Viwili tena. Kimebaki kimoja.

Nimeikodolea ramani yangu macho mpaka yakawasha. Vipimo vyote vinapanda kuelekea kiwanja kimoja ambacho sikukigusa. Kwa mkwe! Siku tatu nimekizunguka bila hata kujiuliza, miguu imezoea. Miaka kumi na moja tangu nimwoe Nesta, sijakanyaga ua wa mama yake, hatujasemeshana hata neno. Nikimwona njiani naingia majanini mpaka apite. Ndiyo heshima yetu, sawa. Lakini mtaalamu wa serikali kuruka kiwanja kizima! Mjinga wa kutupwa mimi.

Nimemwonyesha Nesta. Kaangalia, kakaa chini. Kaka yake Mika alizika mapipa mawili ya petroli ya magendo mle mwezi wa nne, msako wa walanguzi ulipoanza. Wapi hasa, mama yao ndiye ajuaye. Nikiyachimbua, Mika jela. Nesta hakunikataza. Kaniuliza tu Luka amekunywa maji gani leo, kisha akaenda kwao.

Naogopa. Naogopa mno.

Ijumaa, 14 Oktoba, saa tatu na nusu

Niko nje ya ua wa mkwe, nimeupa mgongo, daftari juu ya goti. Nesta yumo ndani na chuma na kichupa cha mwisho. Kiwanja ni kikubwa, kichupa ni kimoja! Nasikia anambembeleza mama yake. Anambembeleza tena. Luka tangu jana chakula hakimkai tumboni.

Trekta linapanda kutoka barabarani. Mungu wangu.

Sasa sauti — si ya Nesta. Ya mtu mzima, inatetemeka, karibu kabisa na mgongo wangu, mabua tu katikati.

"Mkwe."

Nimezidi kuinamia daftari.

"Mkwe, kinu nimekisogeza. Mapipa yako chini yake. Ingia upige chuma wewe. Mimi kumchimbua mwanangu siwezi."

Mlango wa ua uko wazi. Trekta limezima injini pale kisimani, Efraimu anapiga kelele watu wasogee. Mkwe anaita tena. Na mimi bado sijageuka.