Bastola Anayomwekea Wendell

Casper, Wyoming
Machi 4

Dada yangu Nadine,

Sisi huku tunaendelea. Theluji bado ipo, na farasi wako anakula vizuri.

Baba anashinda mezani na bastola zake mbili kuukuu za risasi ndogo, zile za kuvuta nyundo kwa kidole gumba kila unapopiga. Anazilinganisha: ya mpini wa mbao inalenga vizuri, ile nyeusi silinda, lile gurudumu la kuwekea risasi, imelegea.

Jumanne nilimpelekea kahawa, akanielekezea ile ya mbao, nyundo ameshaivuta.

"Umeingiaje kwangu?"

"Baba, ni mimi, Wendell."

"Usinichezee, mzee. Wendell ana miaka tisa, yuko shule."

Kwa hofu nikasema nimekuja kununua bastola. Papo hapo akachangamka, akashusha nyundo taratibu, akanivutia kiti, akanieleza sifa za kila moja kama vile mimi ni mteja. Mwishowe akanipa ile nyeusi.

"Na hiyo nzuri?"

"Hii haiuzwi. Namwekea mwanangu."

Bado anayo, Nadine, ina risasi, na nimeshindwa kumnyang'anya. Njoo. Huenda wewe atakujua.

Ndugu yako,
Wendell