Siku Waya Aliponiita Madam

Alhamisi, jioni. Joto la leo limegoma kuondoka hata baada ya jua kushuka upande wa ziwa. Tangu mchana mawingu yamejikusanya juu ya vilima, yananguruma tu, hayanyeshi. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Nimefungua dirisha, wadudu wa ziwani wakaingia, nikalifunga. Kukaa siwezi.

Ngoja niandike, pengine nitatulia.

Kazi yangu ni ununuzi. Chuo ninachofanyia kazi ni cha serikali, na chochote kinachoingia langoni, kuanzia chaki hadi maharagwe ya wanafunzi, hupitia ofisi yetu ya watu wawili: mimi na mkubwa wangu, Bwana Wafula. Kwa muda sasa tunajiandaa kwa sheria mpya ya ununuzi wa umma. Zabuni zote zitaombwa kwa mtandao. Hakuna tena bahasha za kutumbukizwa kwenye sanduku pale mlangoni. Na afisa mwenye jamaa anayeiuzia ofisi yake lazima akae mbali na kila uamuzi unaomhusu jamaa huyo. Asimsaidie hata kwa neno la pembeni.

Nilipoisoma sehemu hiyo, nilisimama nikaenda kunywa maji.

Mboga na samaki wa chuo huletwa na Waya. Huku kwetu waya ni shangazi, dada wa baba, na huyu wangu ndiye aliyenilea pale Kisian baada ya mama kufariki. Alianza kuleta sukuma wiki chuoni kabla mimi sijaajiriwa. Kila mtu anajua ni shangazi yangu. Wapishi humtania kwamba mimi nimerithi sauti yake. Haijawahi kuwa neno.

Wiki iliyopita Bwana Wafula alifunga mlango wa ofisi, jambo asilolifanya hata kukiwa na mvua.

"Mwambie shangazi yako apumzike," alisema kwa upole. "Aache polepole, mwenyewe, kabla sheria haijaanza. Wauzaji wa mboga hawakosi. Mimi sitaki maneno, na wewe hutaki maneno."

Nilikubali. Nakiri nilikubali haraka, kwa sababu kuogopa kumenichosha.

Jumapili, baada ya kanisa, nikaenda Kisian. Waya alikuwa uani akiparua samaki, magamba yamemrukia hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Nilimweleza yote bila kumtazama usoni. Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Nyara," akasema, maana mimi ni binti yake kwa kila hesabu, "hiyo sheria imesema mimi niache?"

"Hapana, Waya. Imesema mimi nikae kando."

"Basi kaa kando."

Akarudi kwa samaki wake.

Nilirudi mjini nimekasirika. Nilikuwa nimekwenda kumwondoa mtu kwenye kazi yake ili mimi nipate usingizi, naye hakupandisha hata sauti. Kwa nini nilidhani njia rahisi ni yeye apotee?

Jumatatu nilisimama kwenye kikao, mbele ya mwalimu mkuu wa chuo, nikasema wazi: muuzaji wa mboga ni shangazi yangu, naomba zabuni za chakula zishughulikiwe na mtu mwingine. Bwana Wafula aliangalia meza. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nina hakika, kisha akampa kazi hiyo dada mmoja wa uhasibu ambaye hana masihara kabisa. Ikaisha hivyo. Tangu siku hiyo Bwana Wafula hunisalimia kama mtu aliyekutana naye stendi.

Leo ndiyo ilikuwa semina. Tulikodi ukumbi Kondele, tukawaita wauzaji wote tuwafundishe kujisajili kwenye mfumo mpya. Mimi ndiye niliyefundisha. Watu walijaa: wa kuni, wa maziwa, wa vifaa vya ofisi, na nyuma kabisa, Waya, amevaa gauni lake la kanisani, simu ameishika kwa mikono miwili kama anayeshika kifaranga.

Nilianza vizuri. Halafu nikaona kioo cha simu yake kimezimika mara ya pili, naye anakibonyeza kwa kidole gumba, na miguu yangu ikataka kwenda. Yule ni mtu aliyenifundisha kusoma saa. Ningemaliza shida yake kwa kubonyeza mara moja tu.

Sikwenda.

Mkono wake ukapanda. "Madam," aliita, "hii yangu imekataa."

Madam. Ukumbi mzima haukusikia kitu. Mimi nilisikia kila kitu. Nikajibu kwa sauti, nikiwatazama wote: mfumo ukikataa, rudini mwanzo, wekeni tena nambari ya siri. Yeye akatikisa kichwa, bado haelewi. Nikarudia, taratibu zaidi. Bado.

Kando yake aliketi Baba Otis wa Awasi, naye muuza mboga, mtu atakayeshindana naye kwa zabuni hiyohiyo. Alimtazama, akavuta kiti, akamwonyesha kwenye simu ya Waya mwenyewe. "Gusa hapa, Mama. Sasa hapa." Mara Waya akacheka kicheko chake kikubwa. Nikageukia ubao nijifanye natafuta kalamu.

Semina ilipokwisha alipita karibu nami bila kusimama. Sikuweza kujua kama ni hasira au ni heshima.

Nikiwa katikati ya kuandika haya, alipiga simu. Niliiangalia ikilia kwa muda, nikiogopa ataniuliza jambo nisiloruhusiwa kujibu.

"Umekula?"

"Bado, Waya."

"Kula. Ya chuo sikuulizi, na wewe usiniulize."

Akakata.

Nimepika ugali, nimekula nusu. Kompyuta ya kazi iko hapa mezani. Nikiifungua ninaweza kuona kama jina lake limeingia sawasawa, au kama alikosea mahali na ataenguliwa bila hata kujua. Nimeisukuma hadi ukingoni mwa meza, nikaivuta tena.

Leo siifungui. Wiki ijayo zabuni zitakapofunguliwa, akiwa ameshindwa kwa kosa ambalo ningeliona, nitaenda Kisian kwa uso gani?