Shamba la Kizuka Haliuzwi

Dar es Salaam

Mdogo wangu Donati,

Amahoro. Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama alitulea tusalimu hata mtu tuliyemkasirikia. Mu wazima huko Rumonge? Mguu wa mama umepona? Samaki wa mukeke wanapatikana, au wachuuzi bado wanawamaliza kule Magara kabla hawajafika sokoni? Mimi mwili mzima, moyo unachemka. Kaa chini usome.

Karatasi yako ya kuuza shamba la Kizuka, lile lililoandikwa kwa majina yetu wawili, imenifikia jana. Unataka nisaini ili uongeze aksiyo, hizo hisa zako za kampuni niliyokuwa nikifagia ofisi zake. Nakiri kosa langu: zile za kwanza nilikununulia mimi, kwa jina langu, kwa dalali wa hapa mjini, nikajivuna kazini kwamba sasa na sisi tumo. Mfagiaji mwenye hisa! Wenzangu walinicheka, na walikuwa na haki.

Sasa sikiliza. Jumatatu iliyopita walituita wafagiaji wote kwenye ukumbi wa chakula. Akasimama bwana mmoja wa suti, hata jina hatulijui, akasema kampuni inapunguza gharama, kazi yetu wamepewa watu wa bei rahisi. Tukashukuriwa. Kila mmoja akapewa chupa ya mafuta ya kula na mche wa sabuni, vyote vya kampuni. Mama Rehema, aliyepiga deki sakafu zile tangu jengo likiwa jipya, akauliza, "Na mimi nianzie wapi, baba?" Bwana yule akatazama saa yake.

Niko getini na chupa yangu, simu ikaita. Wewe. "Yaya, dada yangu! Zimepanda! Leo zimepanda sana! Tuuze shamba, tununue zingine!" Ulikuwa unacheka. Nikakuambia mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, Donati. Nililia palepale kwenye lami, walinzi wananitazama.

Kesho yake nikampigia dalali kumuuliza kwa nini zimepanda siku ileile. Akanijibu bila haya: wenye hisa wamefurahi kwa sababu mishahara imepungua. Yaani sisi kutupwa nje ndiyo ilikuwa sherehe yao. Na wewe, mutoto wa mama yangu, ulikuwa unasherehekea nao.

Uliniandikia kwamba tajiri hatoki jasho, pesa yake ndiyo inamfanyia kazi. Wee! Pesa haijawahi kushika fagio. Nimesafisha ofisi zao miaka yote hiyo, sijakuta noti hata moja inapiga deki. Na huko nyumbani mama anakamua mawese kwa mikono yake, halafu wewe, mwalimu mzima, unapita dukani kununua mafuta ya chupa ya kampuni hiyohiyo ili ukaangie ndagala, dagaa wetu wa ziwani, eti ndiyo maisha ya kisasa. Huoni aibu?

Shamba lile si la kuchezea. Baba alikufa ukimbizini akihesabu michikichi yake kwa kichwa. Tuliporudi tukakuta wengine wamejenga ndani, mama akaenda na kurudi kwa viongozi mpaka viatu vikaisha, mwishowe akakubali nusu. Hiyo nusu ndiyo unataka kumpa mfanyabiashara? Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisaini. Na ukithubutu kughushi jina langu, Mungu Imana atakuona, ila mimi nitakuona kabla yake.

Najua hujamwambia mama habari ya shamba. Mimi pia sijamwambia habari ya kazi, basi sote tumemficha. Msomee barua hii kwa sauti, yote, usiruke mahali.

Nisalimie shangazi yetu wa Muhuta anayeanika ndagala. Mkeo mwambie hasira zangu si zake. Mchungaji aniombee, hasa ulimi.

Zile hisa nimemwambia dalali aziuze, ziwe nauli yangu. Usinipigie kelele, hata kama zinapanda. Mwisho wa mwezi huu natoka kwenye chumba cha watu, na kazi sina. Nakuja kukaa Kizuka, Donati. Sina pengine pa kwenda.

Yaya wako, anayekupenda huku amekasirika,
Jenerosa