Norbert Amechukuliwa kwa Sababu ya Basketi

Rugenge, Uvira
Tarehe 20 Agosti 1964

Mpendwa yaya yangu Cyprien, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Liège, weye na wifi yangu Claire. Goti lako limepona? Na mtoto amekwisha kuota meno? Huku sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Mama anakohoa lakini anakula. Wanangu, Révérien na wenzake, ni wazima. Barua hii nampa Mama Gloriose, yule muuza samaki wadogo wa ndakala. Anavuka na mtumbwi kwenda Bujumbura na ataitia posta huko, maana posta yetu imefungwa tangu vita viingie.

Barua yako ya Pasaka ilitufikia. Mume wangu Norbert aliisoma kwa sauti, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Eti weye unalipwa kucheza basketi, halafu wanakusimamisha mechi nzima kwa kiwiko kimoja! "Wazungu wamekuwa laini," akasema. Uliuliza kama bado anacheza kwa nguvu kama zamani. Yaya, hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Unakumbuka siku za Padiri Jean-Berchmans, kwenye uwanja wa nyuma ya misheni? Rugenge wakikutana na Mulongwe, chini ya kikapu ilikuwa viwiko na magoti tu, padiri anapuliza filimbi mpaka mashavu yanakuwa mekundu. Siku ile Norbert alipomng'oa Sylvestre wa Mulongwe jino, Sylvestre alitema damu, akarudi kucheza. Jioni akaja kwetu kula bugali, anatafuna upande mmoja, sisi wanawake tunamcheka, naye anacheka. Hakuna aliyekwenda na kinyongo nyumbani.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka, ulikuwa umekwisha kuondoka. Kila ekipe ya basketi ikawa ya chama chake cha siasa. Watu walikuja uwanjani na fimbo, na mtu akisukumwa, chama chote kilihesabu kimetukanwa. Padiri alirudi kwao. Filimbi ikakosa mtu wa kuishika.

Halafu mwezi wa tano waasi, hawa wanaojiita Wasimba, wakaingia Uvira. Sylvestre ni kapteni wao sasa. Vijana wake wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, na dawa ile ina miiko: asiyenyunyiziwa asiwaguse, na mwanamke asiwakaribie kabisa. Lakini Sylvestre bado anapenda basketi. Akaamuru tucheze kila Jumapili, mji uone kwamba kuna amani.

Ungeona mchezo wenyewe, ungelia. Msimba akishika mpira, watu wetu wanampisha kama mbuzi wanavyopisha lori. Anatupia kikapuni peke yake, tunapiga makofi. Bunduki zimelazwa pembeni ya uwanja. Norbert alikuwa anarudi nyumbani, chakula hakigusi.

Nikamwambia, "Baba Révérien, vumilia. Waache wafunge."

"Honorine, minye sijui kucheza hivi," akanijibu. "Afadhali wanikataze kabisa."

Nilimsihi asiende Jumapili iliyopita. Akasema asiyefika watamwita adui, na kweli ndivyo ilivyo. Akaenda. Kijana mmoja wa Sylvestre alichukua mpira akaja mbio. Watu wetu wote wakampisha. Norbert hakumpisha. Alisimama chini ya kikapu, mikono juu, miguu imekita chini vile ulivyomfundisha. Naapa kwa Mungu, yaya, hakumsukuma. Yule kijana alimgonga kifuani, akaanguka chali mwenyewe.

Halafu yule kijana akaanza kulia kama mtoto: "Ameharibu dawa yangu! Nitakufa!" Wenzake wakaziendea bunduki. Walimpiga Norbert kwa vitako vya bunduki mpaka akapiga magoti. Nilikimbia kwenda kwake, lakini Ernestine, mke wa jirani, alinishika kiunoni akanivuta. "Ukimgusa mmoja wao watakuua na weye!" Nilimwona mume wangu akitupwa ndani ya kamioni, ikaondoka naye, na mimi nimeshikwa.

Jumatatu nilikwenda kwa Sylvestre. Alitoka barazani, akaninyooshea mkono toka mbali. "Simama hapo hapo, dada. Usinikaribie."

Tukaongea kwa kupaza sauti, ua wote uko katikati yetu. Nikasema, "Sylvestre, umekula kwangu. Norbert alikutoa jino na ukacheka!"

"Siku zile padiri alipiga filimbi, tukaachana," akasema. "Leo nikimwachilia, kijana wangu mmoja akifa vitani watasema ni minye nimemuua."

"Basi yuko hai?"

Akaangalia chini. "Yuko Luberizi, anabeba masanduku ya risasi. Walitaka kumpiga risasi palepale. Nimeomba wasimuue. Nilichoweza ni hicho tu, dada."

Mpaka sasa sijui nimshukuru au nimlaani.

Jana mama mmoja anayeuza mchele alifika toka Luberizi. Ameona mtu mrefu, jicho limevimba, mkono umefungwa kitambaa, sanduku kichwani. Mtu yule alimwomba maji, akataja jina langu. Na ndege za serikali zinapiga barabara ile karibu kila siku, hazichagui nani ana bunduki na nani amebebeshwa tu.

Yaya, nimeshindwa kukaa. Kesho nashika njia ya Luberizi kwa miguu. Nitafikia kwa mama mdogo Geneviève, kwenye mashamba yake ya mpunga, nitasimama pale wabebaji wanapopita. Wakinikataza kumsogelea, basi anione tu, ajue hatujamwacha.

Weye nakuomba jambo moja. Sylvestre alikuheshimu kuliko wote, hata kama mlikuwa ekipe mbalimbali. Mwandikie, barua ipitie kwa Mama Gloriose. Usimwandikie kwa hasira. Mwandikie kama mlivyokuwa mnaongea mkifunga viatu. Mwambie amrudishe Norbert. Na kama mimi sikurudi, wanangu ni wako. Usiache wakue bila mtu.

Ernestine anakusalimu, na Gaspard fundi wa mitumbwi, na watu wote wa kanisani. Msalimie Claire, umbusu mtoto. Bwana akulinde katika nchi ya watu, akupe usingizi mzuri, hata kama sisi hatuupati.

Mama tangu jana alikataa nisiende, alikuwa amekaa mlangoni akilia. Sasa ameinuka. Anafunga mihogo yangu ya safari ndani ya kitenge chake cha misa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Honorine