Ngazi Isiyo na Reli

Jumatatu, 6 Machi 2023

Leo nimepiga picha nyumba mpya ya Bibi Noeline, kule mlimani. Callum, msanifu aliyeichora, kanisimamia siku nzima. Kaficha kila kitu — kandambili, dawa, hata birika! Mezani kaacha malimau matatu. Bibi akauliza ya nini, yeye hata hayali. Kisha Callum akatoa drili, akaifungua reli ya ngazi, ile ya kushikilia. Inaharibu mistari, anasema, tukimaliza anairudisha. Nikapanga kamera. Katika kazi hii sote tunafanya hivyo. Na mwanga ule wa saa kumi! Mbao za kukanyagia zimeshikwa na ukuta upande mmoja, upande wa pili hewa tupu. Sijawahi kupiga picha nzuri hivi.

Jumatano, 8 Machi

Callum kapiga simu, furaha haimwishi. Waamuzi wa tuzo ya usanifu wameipenda picha ya ngazi, Ijumaa wanakuja kuiona nyumba. Nikauliza, reli je?

"Reli gani tena, Morag? Waondoke kwanza. Siku mbili tu, dada!"

Kumbe hakuirudisha. Bibi karidhia, anasema. Bibi ana miaka themanini na moja, nyonga ya chuma, na analala ghorofani. 

Alhamisi, 9 Machi

Naogopa. Nimehesabu mbao pichani — kumi na nne. Nimempigia Bibi mara tatu, hapokei. Callum anasema angeanguka tungeshasikia. Hayo ni maneno ya mtu?!

Ijumaa, 10 Machi

Naandika garini, nje kwa Bibi. Saa nne kasoro. Waamuzi wanafika saa nne.

Nilikuja na drili yangu. Bibi mzima! Nilitamani kulia. Gauni la buluu, rangi ya mdomo, busu shavuni. Picha yangu ya ngazi kaichapisha kubwa, kaitundika sebuleni. Dada yake wa Invercargill keshatumiwa nakala. Nikamwambia nimekuja kufunga reli. Uso ukambadilika.

"Uniharibie nyumba? Leo?"

"Bibi, unashukaje?"

Akageuka kutazama nyuma, na tuko wawili tu. Anashuka kwa makalio, akasema, ubao kwa ubao. Kupanda anatambaa.

"Hakuna anayeniona, mwanangu. Na wakiondoka, reli isirudi. Tangu mume wangu afe, nani amekuja kunitazama? Sasa watakuja."

Nikasema nitawaambia waamuzi. Akasema nikithubutu nisikanyage tena kwake. Akanisindikiza hadi nje, taratibu, akafunga mlango.

Niseme? Ninyamaze? Picha ni yangu. Kosa ni langu pia.

Gari la Callum hilo linapanda. Nyuma yake jingine — ndio wao. Na kwenye dirisha refu la mbele ya nyumba namwona Bibi. Yuko juu kabisa ya ngazi. Amesimama! Anataka kuwashukia kwa miguu, kama bibi harusi. Mkono wa kulia unapapasa hewani, pale reli ilipokuwa.

Callum ananipungia — njoo, lete kamera