Nimeumeza Mpira Unaouogopa

Mbeya, Jumapili

Mdogo wangu Festo,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu za kusimama kwenye msumeno, na kwamba baridi ya Mafinga haijawazidi. Mimi sijambo, ila moyo bado haujazoea kwamba Mama hayupo. Juzi nilikuwa namenya njegere, nikamkumbuka alivyokuwa akimenya huku amejifunga chupa ya maji moto tumboni kwa kanga, akituambia ni gesi tu.

Wifi ameniambia kwamba na wewe tumbo halikupi usingizi, unakonda, na kipimo cha kumeza mpira umekataa. Eti mpira utakuziba pumzi. Tumbo langu nalo linauma tangu msiba, kwa hiyo nimetangulia kupimwa.

Siku ya kwanza hospitalini nilirudishwa. Nesi aliniuliza, "Mama, umekula?"

"Sijala."

"Hata chai?"

"Chai nimekunywa. Na kiazi kimoja."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyie Wanyalukolo, watu wa Iringa! Kiazi kwenu siyo chakula? Urudi kesho, na hata maji usinywe."

Kesho yake walinipulizia dawa chungu kooni, ganzi ikashika. Nikalala ubavu wa kushoto, wakaniwekea plastiki katikati ya meno nisije nikaung'ata mpira. Ni mwembamba kama kidole, una taa na kamera mbele. Daktari akasema, "Meza kama unavyomeza ugali." Hapo sikufichi, nilipata shida. Nilicheua, machozi na mate yakanitoka. Nesi alinishika bega: "Pumua kwa pua, mama, taratibu." Na pumzi ipo, Festo. Mpira unapita njia ya chakula. Wakanyofoa kinyama kidogo cha kupima, sikuhisi. Hazikufika dakika kumi. Nikakaa bila kula wala kunywa mpaka ganzi ikaisha, nikaondoka kwa miguu yangu. Wameona kidonda, dawa nimeanza.

Sindano ya usingizi nayo ipo, ila ukichomwa lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Nitakuwepo mimi.

Nilimuuliza daktari kama Mama angepona. Akasema hawezi kujua, kwa kuwa hakumwona.

Nisalimie wifi, baba mdogo wa Kilolo, na mwinjilisti aliyetuzikia Mama.

Mama alipokataa kipimo tulinyamaza, kwa sababu ni mama, hatukuweza kumlazimisha. Wewe nimekubeba mgongoni. Jumatano uwe hapa.

Dada yako,
Yusta