Raundi ya Mwisho Ilifungiwa Nyama

Kamakis, Ruiru

Mpenzi Mama Brian,

Hamjambo hapo nyumbani? Goti la Mama linasemaje na mvua hii, na kikohozi cha Brian kimeisha? Mwili wangu uko sawa. Moyo ndio haujatulia, na sababu unaijua. Naandika kwa sababu kwenye simu nikikusikia tu ukisema "kocha amesema" huwa nakata.

Kazi ya kuchoma nyama inaendelea. Moshi nimeuzoea, macho bado. Juzi Mama Njoki, mwenye hoteli, alinunua mzigo wa magazeti ya zamani huko Theta, nyumbani kwa marehemu mwalimu mmoja, ya kufungia nyama ya wateja wanaobeba kwenda nayo. Kumbe mwalimu alikuwa akihifadhi kurasa za ndondi tu. Unajua mimi na ndondi. Niliona ni watu wazima kupigana bila ugomvi, na nilipokuoa sikujua mchezo huo ungeingia hadi nyumbani kwangu. Lakini makaa yakichelewa kushika, mtu afanye nini? Nikasoma.

Mwandishi yule hakuanza na ngumi. Alianza na miguu. Alieleza jinsi bondia mmoja mfupi alivyokuwa akirudi nyuma hatua ndogo ndogo, watu wakimzomea kwamba anaogopa, kumbe anamvuta mwenzake mpaka kwenye kona anayoitaka yeye. Nikakukumbuka ukifanya mazoezi nyuma ya jikoni, ukirudi nyuma hivyo hivyo, nami nikicheka. Nilisoma mpaka Mama Njoki akaniuliza, "Kwani ulikam kuchoma ama kusoma? Wateja wako na njaa."

Kwa ile haraka nikafunga nyama ya mbuzi ya mteja mmoja aliyekuwa akielekea Thika. Alipotoka ndipo nikaona kwamba ukurasa wa raundi ya mwisho umeenda naye. Nilimfuata mpaka kwenye gari na aproni yangu.

"Boss, samahani, nisaidie na hiyo gazeti."

"Si nimelipa?"

"Nyama ni yako. Nataka tu kujua nani alishinda."

Alinitazama, akaifungua, tukasoma pamoja mafuta yakimchuruzikia kwenye suruali.

Yule mfupi alishindwa. Lakini mwandishi hakumfuata mshindi. Alibaki kwenye kona ya aliyeshindwa, akaeleza jinsi kocha alivyomkalisha kwenye kigoda, akampangusa uso kwa taulo polepole, akamvua glovu, na bondia akaweka kichwa begani mwake. Mteja akasema, "Hiyo imenigusa, bro," akaondoka. Mimi nikabaki kando ya barabara, wivu umenikaba.

Maana sasa mchezo nimeuelewa, na ndio nimeumia zaidi. Zamani nilidhani kocha wako anakufundisha kupiga tu. Kumbe yeye ndiye anayekupangusa uso. Yeye ndiye unayemwegemea ukiishiwa nguvu. Mimi mumeo hujaniegemea hivyo hata siku moja. Ukirudi kutoka mazoezini unaniambia uko sawa, unapita kuchota maji. Namwonea mtu huyo wivu kutwa nzima, hata nikikatakata mbavu namfikiria yeye, mpaka Mama Njoki anauliza nimekosana na nani.

Nilikwambia ukipanda ulingoni Kakamega mwezi ujao usirudi kwangu. Neno hilo nimeliondoa. Panda. Wivu sijauondoa, usije ukadhani nimekuwa malaika. Nimeomba ruhusa nije, na sitakaa na watazamaji. Nitasimama kwenye kona yako, na wakinikataza watanikuta nimeshafika.

Nisalimie Mama, na mdogo wangu fundi wa baiskeli, na dada yako wa kwaya. Watoto waambie baba yao anakuja. Kocha naye msalimie. Mwambie kukufundisha ni kazi yake na sina neno, lakini siku hiyo taulo atanipa mimi.

Mumeo,
Baba Brian